Mkeka Uliotandikwa Kabla ya Msiba

Siku Ignas alipoondoka tulikuwa tumebishana kidogo kuhusu betri za redio. Yeye alitaka kuzianika juani zipate nguvu, mimi nikasema betri zilizokufa zimekufa, anunue mpya huko aendako. Akacheka, akazianika dirishani hivyo hivyo. Kisha akalibeba robota lake la mitumba, bega la kushoto likiwa juu kuliko la kulia kama kawaida yake, akasema atarudi Jumatatu na vitunguu. Nikamjibu nikiwa ndani, bila hata kufika mlangoni, "Usiniletee vilivyochipua." Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mume wangu. Nimesikia wengine walivyoagana na watu wao, na wana maneno ya kukumbuka. Mimi nina vitunguu.

Ilikuwa masika ya mwaka 1994. Tulikuwa tunaishi Kichangani, Morogoro mjini, chumba kimoja na ukumbi mdogo. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Tuliambiwa anatafutwa mwekezaji, na wafanyakazi wakapunguzwa kwa mafungu mpaka akabaki mlinzi na mbwa. Ignas alikuwa amebeba mabunda ya nyuzi kwa bega lile lile tangu ujana, ndiyo maana halikushuka tena. Siku hizo biashara ilikuwa ruksa, na kila aliyepunguzwa kazi akajiita mfanyabiashara. Yeye alinunua nguo za mitumba mjini akazipeleka Dumila, akazitandaza kando ya barabara ya Dodoma, mahali ambapo mabasi husimama na abiria hawana muda wa kubishana bei.

Jumatatu hakurudi. Katikati ya wiki nikaenda Dumila na kaka yangu Yeremia, na huko nikapewa habari mbili.

Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi alisema Ignas alivuka mto siku ya Jumapili kwenda kuuza nguo vijijini, na jioni yake mto ukashuka kwa nguvu. Hakuna aliyemwona akirudi. Fundi baiskeli aliyekuwa jirani na yule mama akasema hapana, yeye alimwona kwa macho yake akipanda lori la vitunguu lililokuwa likienda Arusha, pamoja na mtu aliyekuwa anasimulia habari za machimbo ya Mererani.

"Una hakika ni yeye?" Yeremia akamuuliza.

"Mwenye bega moja juu? Ndiye."

Yule mama naye akasema, "Hata mimi namsema huyo huyo, mwenye bega."

Nilirudi nyumbani na habari zile mbili. Kama ya kwanza ni kweli, mimi ni mjane. Kama ya pili ni kweli, nimeachwa. Nilitoa taarifa kituoni, wakaandika, wakaniambia nisubiri. Nikasubiri mpaka nikashindwa kulipia chumba, ndipo nikamchukua binti yetu Magreth nikapanda naye Kinole, kwa mama yangu.

Sisi Waluguru ardhi tunaipata kwa upande wa mama, kwa hiyo sikuwa mgeni wa mtu. Mama alinionyesha kipande chenye migomba, minanasi na miti michache ya mdalasini, nikaanza kulima. Kazi haikunishinda. Kilichonishinda ni salamu. Kila niliyekutana naye njiani aliniuliza, "Baba Magreth hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo." Nilikuwa nikimjibia salamu mtu nisiyejua kama bado anapumua. Walipokwisha kunipita niliwasikia wakishusha sauti.

Mjane ana heshima yake. Watu humletea kuni, humwita kwenye vikao, humwacha akae. Aliyeachwa hupewa ushauri. Wanawake niliosoma nao darasa moja waliniuliza nilikuwa nampikiaje. Wengine walisema wanaume wa siku hizi ndivyo walivyo, wakisikia harufu ya fedha ya madini hawageuki nyuma. Niliinamisha kichwa nikaendelea kupalilia.

Matanga ya Ignas hayakuwa mikononi mwangu. Mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo ndio humlilia. Kwao, mtu aliyepotea bila mwili kuonekana huzikwa mgomba badala yake, watani wakaja wakafanya kazi yao ya kuwachekesha wafiwa, maisha yakaendelea. Lakini mama mkwe wangu, ambaye anaishi Mkuyuni, alikuwa amekwisha sema. "Mwanangu yuko safarini," alisema. "Hakuna mgomba utakaozikwa kwa ajili ya msafiri." Na baada ya mama kusema hivyo, nani angesema lingine?

Mwaka uliofuata walikuja watafiti.

Mkuu wao alikuwa Daktari Mihir, mtoto wa mzee Chandulal aliyekuwa na duka la khanga mjini. Watu wazima wa Kinole walimkumbuka akiwa mdogo, akipima vitambaa kwa rula ya mbao huku baba yake akimkazia macho. Sasa alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, amesoma ng'ambo, amerudi na miwani na sauti ya upole. Alikuja na nesi mmoja, Anastasia, mwanamke mrefu asiyependa utani.

Alitueleza habari yake kwenye kibaraza cha zahanati. Huko alikosoma, alisema, wataalamu wanachunguza kama mtu mwenye mawazo mengi anaweza kusaidiwa kwa kukaa kimya na kuifuata pumzi yake, bila kufukuza wazo lolote na bila kulishika. Wanapima usingizi, wanapima presha, wengine wanapima mpaka ubongo kwa mashine. Yeye alitaka kujua kama jambo hilo linaweza kuwafaa watu wa hapa.

"Wazo likija, liache lipite," alisema.

Mwanaasha, mchuuzi wa ndizi aliyekuwa amefiwa na mtoto, akauliza, "Lipite kwenda wapi, daktari?"

"Lipite tu, mama."

"Maana kwangu yakija yanakaa. Yanaomba na chai."

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Akasema, "Nitawaambieni ukweli ambao ni aibu kwangu. Bibi yangu Taramati alikuwa anakaa hivi kila asubuhi, nyuma ya duka letu. Wenzangu wa shule wakija nilikuwa nafunga pazia wasimwone. Nimekuja kujifunza Ulaya kitu ambacho nilikuwa nakifungia pazia."

Nilijiandikisha kwa sababu sikuwa nalala. Si kwa sababu nyingine.

Vyumba vya shule vilikuwa na watoto, na zahanati ilikuwa na wagonjwa, kwa hiyo daktari akatafuta nyumba yenye sebule pana na sakafu ya saruji. Nyumba ya mama yangu ilikuwa nayo. Mama akakubali, maana alimwonea huruma Anastasia kwa kupanda mlima na viatu vile vya mjini. Wakaleta mikeka, wakaitandika sebuleni. Tukavua viatu tukaviacha mlangoni. Wanawake tukakaa chini tumenyoosha miguu, khanga mabegani, migongo ukutani. Wanaume wachache wakakaa upande wa pili. Anastasia akaagiza tufumbe macho au tutazame chini. Mlango ukaachwa wazi ili hewa iingie.

Sijui kwa nini hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Sote tulizaliwa huko. Sote tulijua mikeka iliyotandikwa sebuleni mchana, viatu vingi mlangoni na watu waliokaa kimya wakitazama chini vina maana gani. Lakini mtu akiwa ndani ya nyumba haioni nyumba. Daktari ndiye aliyekuwa na sababu ya kutojua, na tulimwachia yeye atujulie.

Siku ya kwanza nilisikia kuku, nikasikia mto, nikamsikia mzee Kasimiri akikoroma. Alikuwa amestaafu kutoka mashamba ya miwa, na alisema baadaye kwamba hajawahi kupata dawa ya usingizi nzuri kama ile. Anastasia akamwambia lengo si kulala. Mzee akamjibu, "Binti yangu, mwache anayelala alale. Andika dawa imefanya kazi."

Siku ile tulipotoka nilikuta kuni zimeegeshwa ukutani kwa nje. Nikadhani mama amenunua. Mama akadhani nimeleta mimi. Wiki iliyofuata tukakuta unga kwenye beseni, umefunikwa kwa kitambaa. Mama akasema labda daktari ameleta chakula cha washiriki. Tukala.

Ni wiki ya tatu nitakayoieleza.

Tulikuwa tumekaa. Anastasia alikuwa ametuambia kwa sauti yake ya taratibu tuitazame pumzi inavyoingia na inavyotoka, na lolote litakalokuja tulitazame bila kulihukumu, kama mtu aliyekaa kibarazani akitazama wapita njia. Ilikuwa mara ya kwanza nikaweza. Zilipita habari za palizi. Kilipita kikohozi cha Magreth, ambacho kilikuwa kimegoma kuisha. Likaja wazo la Ignas, nami sikulikimbia. Nilimwona mtoni. Nilimwona maji yamemfika kifuani, robota kichwani, mto unashuka. Na nilipomtazama vizuri nikajua kwamba sisikitiki. Nilikuwa natumaini. Nilikuwa nauhimiza mto.

Nilitaka awe amekufa. Si kwa chuki, maana sikuwa nikimchukia, na usiku mwingine nilikuwa bado nanusa shati lake. Nilitaka awe amekufa ili nisiwe nimeachwa. Nilitaka kuni, na kimya, na watu waache kuniuliza kama hajambo. Nilimwona amekaa kwenye lori la vitunguu, mzima, anacheka, na picha ile ndiyo iliyonichoma.

Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefundishwa dini, nimelelewa na watu. Sikujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kukaa ndani ya mtu aliyesuka nywele na kuoga. Uso ulinipanda joto. Nilifumbua macho nione kama kuna anayenitazama. Wote walikuwa wamefumba.

Ndipo sauti ikapiga hodi mlangoni.

"Hodi wafiwa."

Aliingia Hatibu. Hatibu ni mnunuzi wa pilipili manga, na ukoo wake ni watani wa ukoo wa Ignas. Kwetu mtani haombwi ruhusa msibani. Wenzake hulia, yeye huchekesha. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza, huwatukana wafiwa mpaka wasahau kulia. Hatibu alikuwa amefunga ungo uliotoboka kichwani kama kofia. Begani alikuwa na gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba. Bega la kushoto alikuwa amelipandisha mpaka likagusa sikio.

Alitembea katikati yetu, akiruka miguu ya wanawake, hatua za Ignas kabisa, ile ya kulia fupi na ile ya kushoto ndefu.

"Mke wangu Felista," akasema, na sauti ilikuwa ya Ignas. "Mbona umekaa chini, kwani viti mmeuza? Vitunguu nimekuletea. Vimechipua kidogo. Nilichelewa, mto ulikuwa unanishika mguu unaniambia, kaa Baba Magreth, nyumbani kwako kuna mdomo."

Habari ya vitunguu nilikuwa nimeisimulia, na Kinole haina siri. Mwanaasha ndiye aliyeanza kucheka. Kisha wote. Mzee Kasimiri aliamka akacheka bila kujua kitu. Anastasia alisimama, mashine ya kupima presha mkononi, akamtazama daktari. Daktari alikuwa ameduwaa.

Na mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Lilikuwa bega lake, na tangu masika ya mwaka ule sikuwa nimeliona bega lile.

Hatukumsikia mama mkwe mpaka alipofika uani. Kwanza tulidhani ni mtoto. Halafu kilio kikakaribia mlango, kikasimama mbele ya viatu vyetu, na tukamwona, amejifunga khanga kiunoni, pamoja na wanawake wawili wa ukoo wake waliokuwa wamemshika mikono. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu kutoka Mkuyuni, hakusubiri gari.

"Mmempata wapi?" akaniuliza. "Mama Magreth, mwanangu mmempata wapi? Mbona mmeniacha nisikie barabarani?"

Nilisimama. Nilijaribu kumwamkia, nikasema shikamoo mama, na shikamoo ile haikwenda popote. Kila mtu alikuwa ananitazama, kwa kuwa nyumba ilikuwa yetu na mume alikuwa wangu.

"Mama, hakuna habari," nikasema. "Hajapatikana. Hatujasikia kitu."

"Na mikeka?"

"Tulikuwa tumekaa tu."

"Mmekaa tu."

"Ni utafiti, mama," akasema daktari, akasogea mbele na mikono ameikutanisha. "Kosa ni langu. Ni zoezi la kutuliza mawazo. Si msiba."

Mama mkwe hakumtazama. Alitazama mikeka, akatazama unga kwenye beseni, akamtazama Hatibu aliyekuwa na ungo kichwani. Hatibu aliuvua. Alishusha bega. Akasema taratibu, kama anayezungumza na mikono yake, "Walioiona mikeka waliniambia amefia Dumila. Nimemtania mtu hai kama maiti. Kwetu hilo halijapata kutokea." Akatoka na gunia lake, na majani makavu yakawa yanamwagika nyuma yake mpaka njiani.

Mama mkwe akanigeukia.

"Ulikuwa unacheka," akasema. "Nimekusikia kutoka bondeni, nikasema labda kichaa kimempanda kwa uchungu. Kumbe hapana. Wewe Felista unataka awe amekufa. Unataka uitwe mjane, upate pa kuweka uso."

Hakuwahi kuniita Felista tangu nilipojifungua. Alisema bila kupandisha sauti, mbele ya watu wote wale, jambo ambalo nilikuwa nimeliona mimi mwenyewe muda mfupi tu uliopita, nimefumba macho, nikadhani ni langu peke yangu. Kama ingekuwa uongo ningejitetea. Nilitazama saruji.

Mama yangu alisema, "Dada, usiseme hivyo." Lakini watu walikuwa wamekwisha anza kutafuta viatu vyao.

Gari la mwisho la ndizi lilikuwa limeshuka, kwa hiyo mama mkwe alilala kwetu. Sikumhudumia, mama ndiye aliyempa maji na chakula. Asubuhi nilipotoka nilimkuta anafagia uani, anayakusanya majani ya mgomba aliyoyadondosha Hatibu. Nikachukua fagio la pili nikafagia upande wangu.

Daktari akaja mapema kuomba radhi. Alileta sukari. Mama mkwe aliipokea, akamkaribisha kigoda, akamuuliza, "Hicho mnachokaa, kinaleta nini?"

"Hakileti kitu, mama. Mtu anakaa na kile alicho nacho, anakitazama."

"Halafu?"

"Halafu anakuwa amekitazama."

"Mimi nakitazama kila siku wala sihitaji mkeka." Akashika tena fagio. "Wewe wazazi wako wapo?"

"Mama yupo. Baba alishafariki."

"Ulimzika?"

"Tulimchoma, mama. Ndiyo desturi yetu. Mimi nilikuwa masomoni, sikuwahi kufika."

"Basi unajua," akasema mama mkwe, akaendelea kufagia.

Kabla ya kuondoka daktari aliniita pembeni. Aliniuliza kile anachowauliza wote, siku ile nilipokuwa nimekaa niliona nini. Nikamwambia niliona mto. Akaniuliza, na ulijisikiaje? Nikasema, baridi. Akanitazama nikadhani ataniuliza zaidi, lakini hakuuliza, na mpaka leo namshukuru.

Utafiti haukuvunjika. Walihamia kwenye ghala la zamani la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu wanunuzi wa Dar walipoanza kupanda wenyewe na malori yao. Humo walikalia mabenchi, na hapana aliyedhani ni msiba. Mimi niliacha wiki mbili kisha nikarudi, kwa sababu usingizi ulikuwa umeanza kuja kidogo na niliuonea haya lakini niliutaka. Lile wazo lilikuja kila mara. Sikuwahi kuliona likipita. Nililizoea tu, kama mtu anavyozoea jirani asiyempenda.

Baadaye daktari alipanda kutusomea alichokipata. Alisema baadhi wanalala vizuri zaidi, presha za wengine zimeshuka, na kwamba kijiji kingine, ambako Anastasia alikuwa anakwenda kupiga hadithi tu na watu bila kukaa kimya, nacho kilipata nafuu karibu sawa na yetu. Alisema wazi, hakuficha, ingawa niliona kwamba hakupenda. Mwanaasha akamwambia, "Usihuzunike, daktari. Liache lipite." Hata Anastasia alicheka.

Mama mkwe alianza kuja. Si mara nyingi. Wakati wa nanasi, wakati wa mdalasini. Alidai anakuja kumwona mjukuu. Tulimenya, tulianika, tulifunga mafungu. Jina la Ignas halikutajwa. Watu walipopita wakauliza kama Baba Magreth hajambo, tulijibu kwa pamoja hajambo, na nilijua kwamba anasikia uzito ule ule ninaousikia mimi. Aliniita tena Mama Magreth, lakini sikusahau siku aliponiita Felista, wala yeye hakusahau. Ilikuwa imekaa kati yetu kama chungu ambacho kila mtu anakizunguka.

Miaka imekwenda. Kiwanda kilipata mwekezaji, kikafunguliwa, kikafungwa tena. Kutoka Dumila halikuja neno, wala kutoka Mererani. Magreth yuko darasa la sita sasa, na hukaa ameinua bega moja akiandika, bila kufundishwa na mtu.

Juzi mama mkwe alikuja wakati ambao si wa nanasi wala mdalasini. Amekonda sana. Alikuja na Hatibu, ambaye hakuwa amekanyaga uani kwetu tangu siku ile, na ambaye aliniamkia akitazama pembeni. Mama mkwe alikaa kibarazani akapumzika mpaka pumzi ikatulia. Akaniambia, "Mama Magreth, tandika mkeka."

Nikamuuliza kama kuna habari.

"Hakuna."

"Sasa mama, tutamliliaje?"

"Siku ile nilikuambia unataka awe amekufa," akasema. "Nilisema kweli, nikaona kwenye uso wako kwamba ni kweli. Unajua nilijuaje? Niliposikia barabarani kwamba mnakaa matanga, nilianza kukimbia kupanda mlima huku nalia, na ndani yangu nilikuwa nashukuru. Nilisema, kumbe hakunitupa. Mtoto aliyekufa hajamtupa mama yake. Halafu nikafika nikakuta hakuna msiba, nikakuvua nguo mbele za watu, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Hatibu aliinuka akaenda kutazama migomba, au alijifanya.

Nilidhani siku nitakayoruhusiwa kuwa mjane nitahisi nimetua mzigo. Nilihisi aibu ile ile, sasa ikiwa na watu wawili ndani yake. Nilimshika mkono, naye hakuuondoa.

Nikatandika.

Naandika haya kabla Hatibu hajaanza kazi yake. Yeye humwigiza mtu vizuri mno, na naogopa kwamba baada ya matanga nitamkumbuka Ignas wa Hatibu, mwenye bega linalogusa sikio. Bega la Ignas halikugusa sikio. Lilipanda kidogo tu, na alipochoka lilitetemeka, na alipokuwa anacheka lilishuka kabisa likawa sawa na lingine, kama lilivyokuwa asubuhi ile alipokuwa anaanika betri dirishani.

Wa ukoo wake wanapanda Ijumaa. Mazishi ni Jumamosi. Mgomba Hatibu ameshauchagua. Ni ule ulio nyuma ya jiko, na mkungu wake bado haujakomaa.